Nani Alimlipa Mwenye Nyumba ya Wageni?



Katika mfano wa Msamaria Mwema, ambao watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza huusimulia bila kukosea, yupo mtu mmoja ambaye mahubiri humpita haraka mno. Ni yule mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule. Lakini kesho yake alishika njia. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba. Kitanda kile angeweza kumpangisha msafiri mwingine, na chakula kile angeweza kukiuza. Mwinjili Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa tabibu, hakuona haya kuandika kiasi cha fedha kilichotolewa: dinari mbili, pamoja na ahadi ya kulipa kitakachozidi.

Tunaanza hapo kwa sababu ya swali ambalo sisi mapadre tunaulizwa mara kwa mara mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Mbona hospitali ya Kanisa inatoza fedha? Je, hawakuwatibu bure babu zetu? Swali hili ni la haki, nalo linastahili jibu refu kuliko lile tunalolitoa tukiwa tumesimama juani. Jibu lake limo katika historia, na historia yenyewe ni ya kujua ni nani aliyelipa, kwa sababu huduma ile haikuwa ya bure hata siku moja.

Tuanzie Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 alifika hapo kijana aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa katika bonde la mto Niger, akatekwa na kuuzwa utumwani akingali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Alikuja kwetu kama mganga na katekista, akaoa, akakaa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Mvuvi wa Karema hangeweza kumlipa mtu aliyesomea Malta ujira wa kazi yake. Masomo yake, safari yake na dawa zake vililipwa na waamini wa mbali ambao hawakumwona.

Baada yake walikuja watawa. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa muda mrefu sheria za Kanisa ziliwabana watawa wasifanye kazi za udaktari, hususani upasuaji na ukunga. Mwanamke mmoja daktari kutoka Austria, Anna Dengel, aliyeanzisha shirika la masista wa utabibu mwaka 1925, alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hili kwa miaka mingi. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa maelekezo ya kuwaruhusu, tena ya kuwahimiza, watawa wa kike wajifunze udaktari na ukunga kwa ajili ya nchi za misioni. Maelekezo hayo ya kurasa chache yalibadilisha sura ya hospitali zetu. Yalileta madaktari wasio na mshahara.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hatuioni. Sista daktari hakuandikiwa saa za ziada. Sista muuguzi aliyelala jirani na wodi hakudai posho ya usiku, wala nauli ya likizo ya watoto wake, maana hakuwa na watoto. Masanduku ya dawa na mashine za eksirei yalitoka kwa wafadhili wa Ulaya. Gharama kubwa kuliko zote za hospitali yoyote duniani, yaani watu na dawa, hazikuonekana katika vitabu vya hesabu. Mgonjwa aliyetoa kuku au senti chache aliamini kwamba amelipia tiba yake, na kumbe alilipia sehemu ndogo sana. Tukawa taifa la waamini wanaokumbuka bei ya kuku.

Tena tutazame mahali hospitali hizo zilipojengwa. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Wakapuchini walikuza kazi ya Ifakara katika bonde la Kilombero, ambako mvua za masika zilikata barabara. Hakuna mfanyabiashara ambaye angechagua kuweka hospitali Ndanda. Hospitali zilifuata misheni, na misheni zilifuata watu, wala hakuna aliyeuliza kama watu hao wana uwezo wa kulipa. Leo wataalamu wa uendeshaji wanapofika na kutwambia kwamba hospitali fulani ya jimbo imekaa mahali pabaya kibiashara, wanasema kweli. Lakini waliowahi kubebwa kwenye machela usiku kutoka bondeni hawasemi kwamba imekaa mahali pabaya.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaka afya iwe haki ya kila mwananchi. Hospitali za Kanisa hazikuwekwa pembeni. Pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya serikali, ile ya Kanisa ilifanywa kuwa Hospitali Teule ya Wilaya, na serikali ikabeba sehemu ya mishahara na uendeshaji. Sengerema na Ifakara zilikuwa za aina hiyo, na Muheza kwa ndugu zetu Waanglikana. Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa za rufaa zilizojengwa na Makanisa: Bugando kule Mwanza, kazi ya maaskofu wetu wakisaidiwa na Wakatoliki wa Ujerumani, na KCMC kule Moshi, ya Wakristo wa Kilutheri, chini ya shirika linalobeba jina hilo hilo la Msamaria Mwema. Mwaka uliofuata Bugando ilitaifishwa. Ilirudishwa mikononi mwa maaskofu mwaka 1985, kwa makubaliano kwamba serikali itaendelea kushiriki gharama zake. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama ushindi wa Kanisa. Sisi tunaona kwamba ilikuwa pia kukiri kwa pande zote mbili: serikali peke yake haikuweza kuiendesha nyumba ile, na maaskofu peke yao wasingeweza.

Kati ya miaka hiyo palitokea jambo ambalo halizungumzwi sana parokiani, nalo ndilo linaloeleza mengi ya leo. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyopiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea, kwa kuwa hayakuhesabiwa kuwa wafanyabiashara. Kwa miaka 14, mgonjwa wa kawaida alikuwa na milango miwili tu: wa serikali na wa Kanisa. Na kadiri uchumi ulivyodorora katika miaka ya 1980, mlango wa serikali mara nyingi ulikuwa na daktari bila dawa. Foleni zikaja kwetu.

Tukajiona tunapendwa. Kwa kweli tulipendwa. Lakini tulipendwa pia kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na tofauti hiyo hatukuipima. Ulinzi ule wa sheria ulitulemaza kwa namna fulani. Hospitali nyingi zilizoea kuendeshwa na sista mmoja hodari aliyekuwa mganga mkuu, mtunza bohari, mwandishi wa barua za wafadhili na msuluhishi wa ugomvi wa wafanyakazi. Hakuna aliyelazimika kujua kujifungua kwa upasuaji kunagharimu shilingi ngapi. Sista alipozeeka na kurudi kwao, aliondoka na hospitali nzima kichwani mwake.

Mwaka 1991 sheria ile ilirekebishwa na milango ya hospitali binafsi ikafunguliwa. Tarehe 21 Februari 1992 Makanisa, kwa njia ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yalitia saini hati ya makubaliano na serikali, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikazaliwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zilianza utaratibu wa kuchangia gharama. Katika miaka mitatu tu, kila kitu kilichokuwa kimesimama kilianza kutembea.

Wengi walidhani kwamba hatari ingetoka kwa zahanati mpya za mijini zenye viti vya kuzunguka na maji baridi. Hizo ziliwavuta wenye fedha, ni kweli, na kila mwenye fedha aliyeondoka alipunguza kile kilichotumika kumfidia asiye nacho. Lakini hazikufika Peramiho wala Karema. Mshindani mkubwa wa hospitali ya Kanisa huko vijijini alikuwa ni mshirika wake mwenyewe, yaani serikali. Na tunalisema hili bila chuki, maana serikali ilikuwa ikitimiza wajibu wake.

Fikirini habari ya wauguzi. Miaka ya 1990 ajira serikalini zilisimamishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya masharti ya kurekebisha uchumi. Vijana waliomaliza vyuo walikuja kwetu kwa sababu hapakuwa na kazi kwingine, nasi tukawapata kwa mishahara midogo. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilirudi sokoni: ikatangaza nafasi nyingi, ikapandisha mishahara, na nyuma ya mshahara ikaweka pensheni. Watumishi wengi wa hospitali za Kanisa waliondoka, baadhi katika makundi. Wodi zilibaki na vitanda vilivyotandikwa vizuri visivyo na muuguzi. Tusiwaite wasaliti. Muuguzi mwenye watoto wanne anayechagua pensheni anafanya hesabu ambayo sista hakulazimika kuifanya. Jambo chungu ni kwamba wengi wao walisomeshwa katika vyuo vyetu wenyewe, hata tukawa tunalima shamba ambalo mavuno yake ni ya jirani.

Kisha likaja suala la majengo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri kwa mpigo. Mkristo gani atasikitika kwa kuwa mama mjamzito amesogezewa huduma? Hata hivyo halmashauri iliyojenga hospitali yake haina tena sababu ile ile ya kulipia Hospitali Teule iliyo umbali wa kilomita chache. Na serikali inapotangaza kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi, hospitali ya Kanisa isiyo na mkataba wa huduma na halmashauri hubaki na uchaguzi mgumu: kuwatoza wale ambao kwa jirani hawatozwi, au kutowatoza na kushindwa kununua uzi wa kushonea.

Jirani zetu wa Uganda walikutana na mtihani huu kwa ghafla zaidi, na yafaa tuwatazame. Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, karibu na mji wa Gulu, ilianzishwa na Wamisionari Wakomboni mwaka 1959, ikakuzwa tangu 1961 na madaktari wawili, Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale. Desemba 2000 ilimpoteza Daktari Matthew Lukwiya, aliyeambukizwa Ebola pamoja na wenzake walipokuwa wakiwauguza wagonjwa. Miezi mitatu baadaye, Machi 2001, serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vyake vya afya. Hospitali za Kanisa kote nchini zilijiuliza ni nani atakuja kulipa kwao wakati ng'ambo ya barabara ni bure.

Ofisi ya utabibu ya Kanisa Katoliki la Uganda haikuhimiza kupandisha bei ili kufidia wagonjwa watakaopotea. Ilihimiza hospitali zake zishushe ada, hasa kwa watoto na wajawazito, na pale inapowezekana zitoze kiwango kimoja kisichobadilika, ili mgonjwa ajue kabla ya kutoka nyumbani atalipa kiasi gani, awe amepimwa damu mara moja au mara tatu. Lacor ni mojawapo ya hospitali zilizoshika njia hiyo. Yawezekana jambo linalomfukuza maskini si ukubwa wa bei peke yake bali giza lake, yaani kutojua bili itafika wapi. Wagonjwa waliongezeka. Ila tusifiche upande wa pili: njia hiyo iliwezekana kwa sababu serikali ilikuwa imeanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuzipa hospitali hizo ruzuku, nazo zilikubali kuhesabu kila mwaka, kwa vipimo vile vile, ni wagonjwa wangapi zimewatibu na kila mmoja amegharimu kiasi gani. Ruzuku iliposimama mahali pamoja baada ya miaka michache, huku mishahara ya serikali ikipanda, shida ikarudi. Wamisionari wa kwanza hawakuhitaji vipimo kama hivyo, kwa kuwa mlipaji wao aliwaamini bila kuuliza. Mlipaji wa leo huuliza, na ana haki ya kuuliza.

Kwetu mlipaji mpya alikuwa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwa makato ya asilimia 3 ya mshahara wa mtumishi na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Kwa hospitali nyingi za Kanisa, kadi ya bima iligeuka kuwa tegemeo kubwa. Tegemeo hilo lina bei yake. Mgonjwa mwenye kadi hutendewa kwa bashasha, na taratibu, bila mtu yeyote kuamua hivyo, hospitali huanza kujipanga kwa ajili yake: dirisha lake, foleni yake, wodi yake. Machi 2024, bei mpya za Mfuko zilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama, na nchi nzima ikaona jinsi karatasi moja ya bei inavyoweza kutikisa hospitali. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki za virusi vya UKIMWI zilizotegemea fedha hizo zilitikiswa pia, zikiwamo za Kanisa.

Hivyo walipaji wa zamani wanapungua mmoja baada ya mwingine. Masista wa ng'ambo wamezeeka, wafadhili wa Ulaya wamepungua pamoja na waamini wa Ulaya, serikali ina hospitali zake, na msaada wa Marekani umeonyesha kwamba unaweza kukoma kwa saini moja. Tusipofanya neno, mlipaji atakayebaki ni mgonjwa mwenyewe, tena katika siku ile mbaya kuliko zote za maisha yake.

Wapo wanaoshauri kwamba majimbo yaige hospitali za mijini, yajenge wodi za daraja la kwanza na kuzitumia kuwafidia maskini. Hatulipingi shauri hilo. Hospitali kubwa kama Bugando, yenye vitanda zaidi ya 900 na wagonjwa kutoka mikoa mingi, zaweza kulibeba. Katika hospitali ya vitanda 80 iliyo kijijini, wodi ya daraja la kwanza mara nyingi hukaa tupu huku chumba cha kujifungulia kikivuja. Afadhali jimbo lithubutu kufunga au kukabidhi zahanati tatu ambazo sasa ziko jirani na za serikali, kisha liweke wauguzi na fedha zake pale ambapo bado hakuna mwingine. Tunajua kwamba uamuzi wa namna hiyo huleta machozi na barua kwa Baba Askofu, maana kila zahanati ina wazee waliobeba mawe yake kichwani.

Lipo pia la kwetu sisi wa jumuiya ndogo ndogo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kiwango kilichowekwa mikoani kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Jumuiya yenye kaya 12, kila moja ikitoa shilingi 5,000, ingekata bima ya kaya mbili maskini, na hospitali ingepata mlipaji kabla mtoto hajaugua. Viwango hubadilika, na sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaleta utaratibu mwingine, lakini hesabu ya kugawana mzigo haibadiliki sana.

Na tungependekeza kwa halmashauri za walei jambo moja dogo. Taarifa ya mwaka ya hospitali ya jimbo isomwe kanisani kama inavyosomwa taarifa ya zaka: imepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, imetumia kiasi gani kwa dawa na kwa mishahara. Majina ya wagonjwa hayatasomwa. Kitakachosomwa ni kiasi walichosamehewa wasioweza kulipa, na mfuko ambao msamaha huo ulitoka.